Kuku mwekundu na mawe mawili

Katika kijiji cha Adamsville, mpakani mwa majimbo ya Rhode Island na Massachusetts nchini Marekani, kuna jiwe la kumbukumbu ambalo si la jenerali wala la gavana. Ni la kuku. Chama cha wafugaji wa kuku mwekundu wa Rhode Island kilichangishana fedha na kulisimamisha mwaka 1925, kwa heshima ya mbegu iliyozaliwa hapo. Katika eneo hilohilo kuna jiwe la pili, lililowekwa na serikali ya jimbo. Nalo ni la kuku yuleyule, ila heshima linaipeleka kwingine: si kwa mabwana wa maonyesho, bali kwa wakulima waliomfuga kwa wingi ili wauze mayai na nyama.

Kuku mmoja, mawe mawili. Ugomvi wa nani hasa alimtengeneza unaweza kuonekana wa kitoto, lakini ndani yake mna historia nzima ya kuku huyu, na mna somo kwa kila mwenye banda nyuma ya nyumba, awe Singida, Kakamega au Unguja. Maana kuku mwenyewe tunamjua. Ndiye yule mwenye manyoya mekundu yaliyokolea, mkia mweusi unaometa kijani, miguu ya njano na mayai ya kahawia. Jogoo wake ndiye aliyegawiwa vijijini kwetu kwa miaka mingi ili “kuboresha” kuku wa kienyeji.

Jogoo aliyetoka melini

Katikati ya karne ya 19, pwani ile ya kaskazini mashariki mwa Marekani iliishi kwa bahari. New Bedford ulikuwa mji wa wavuvi wa nyangumi, na meli za pwani hiyo zilifika hadi Unguja. Kitambaa cha merikani walichovaa wazee wetu kilifumwa katika viwanda vya upande huo. Meli zilizofika Asia zilirudi na bidhaa nyingi, wakiwemo kuku ambao wakulima wa huko hawakuwa wamewahi kuona mfano wao: kuku wa China wenye miili mikubwa na manyoya hadi miguuni, na kuku wa Kimalaya, warefu, wenye shingo iliyosimama na macho ya ukali.

Watu wakapagawa. Maonyesho ya kuku yaliyofanyika Boston mwaka 1849 yalijaza umati, na bei za kuku wa kigeni zikapaa kiasi kwamba wenyewe waliuita wazimu huo homa ya kuku. Mfanyabiashara mmoja, George Burnham, alimtumia Malkia Victoria wa Uingereza zawadi ya kuku hao mwaka 1852, kisha akaitumia sifa hiyo kuuzia wengine. Homa ilipopoa, wengi walibaki na kuku wakubwa wenye kula sana na kutaga kidogo.

Wakulima wa Little Compton, wilaya yenye kijiji cha Adamsville, hawakuwa na fedha za kuchezea. Walitaka kuku atakayetaga, na siku akichoka kutaga awe na nyama ya kujaza sufuria. Inasimuliwa kwamba mwaka 1854 William Tripp, mkazi wa huko, alimnunua jogoo wa Kimalaya kwa baharia mjini New Bedford, akamwachia kwenye kundi la kuku wake wa kawaida. Vifaranga walipokua, Tripp aliona tofauti: matetea wanataga zaidi ya mama zao, majogoo wana vifua vilivyojaa. Akashirikiana na John Macomber wa Westport, upande wa Massachusetts, wakaendelea kuchanganya na kuchagua. Kadiri miaka ilivyokwenda ikaingia damu ya kuku wa China, ya kuku walioitwa Java, na ya Leghorn wa kahawia, mtagaji hodari mwenye asili ya Italia.

Kwa muda mrefu kuku hao hawakuwa hata na jina moja. Huyu aliwaita kuku wa Tripp, yule kuku wa Macomber. Kilichojulikana ni kazi yao.

Mkokoteni wa Wilbour

Aliyewatoa kijijini ni Isaac Wilbour wa Little Compton. Alinunua mbegu kwa Tripp na kuifuga kwa wingi, naye anatajwa miongoni mwa waliolipa kuku huyo jina la Rhode Island Red. Mtindo wake wa ufugaji, uliozoeleka katika wilaya ile, unastahili kutazamwa kwa karibu. Badala ya banda moja kubwa, vibanda vidogo vya mbao vilitawanywa shambani, kila kimoja na kuku wake makumi kadhaa, bila uzio. Kuku walishinda nje wakichakura majani na wadudu, jioni kila mmoja akarudi kibandani kwake. Mkulima alizunguka na mkokoteni wa farasi, kibanda hadi kibanda, akimwaga chakula na kuokota mayai.

Mtindo huo ulikuwa mtihani kwa kuku wenyewe. Baridi ya pale ni ya theluji, na upepo wa bahari hauna simile. Kuku mwenye mwili dhaifu alikufa kabla ya kuzaa, na asiyetaga aliishia sokoni. Waliosalia ndio waliototolewa. Hakuna aliyekuwa na elimu ya vinasaba. Makala ya Mendel, mwasisi wa elimu hiyo, ilikuwa bado haijulikani. Walichokuwa nacho ni jicho, daftari la mayai, na uvumilivu wa miaka 50.

Rangi ilipoyapita mayai

Kisha wakaja mabwana wa maonyesho. Mwaka 1904 kuku mwekundu mwenye upanga wa kusimama aliingizwa rasmi katika kitabu cha vipimo cha chama cha wafugaji wa kuku wa Marekani, na haukupita muda akafuata mwenye upanga bapa. Sasa ilikuwa imeandikwa: jogoo awe na kilo zipatazo 3.9, tetea karibu kilo 3, mgongo ulionyooka, umbo la tofali, na rangi nyekundu iliyokolea sawasawa.

Tusiwabeze. Bila kipimo kilichoandikwa, mbegu hupotea katika mchanganyiko. Lakini katika ulingo wa maonyesho mwamuzi haoni mayai, anaona manyoya. Wafugaji wakashindana kukoleza rangi hadi kuku wengine wakawa karibu weusi, na katika koo nyingi za namna hiyo utagaji ukashuka na manyoya yakachelewa kuota. Upande wa pili, wafugaji wa mayai walichagua mayai peke yake, na kuku wao wakawa wadogo na wa rangi iliyopauka. Jina likabaki moja, kuku wakawa wawili. Ndiyo maana yale mawe nayo ni mawili.

Pigo lililofuata lilikuwa kubwa zaidi. Kutokana na kuku mwekundu, wafugaji wa jimbo jirani la New Hampshire walichagua waliokua haraka, wakapata mbegu mpya iliyopewa jina la jimbo lao na kutambuliwa mwaka 1935. Kati ya mwaka 1946 na 1948 yakafanyika Marekani mashindano ya “kuku wa kesho”, ya kumtafuta kuku mwenye kifua kikubwa atakayekua upesi. Mshindi wa mwaka 1948, Charles Vantress wa California, alikuwa amechanganya kuku wa mbegu ya Cornish na wa New Hampshire. Hivyo damu ya kuku wa Tripp ikaingia katika msingi wa kuku wa nyama wa viwandani. Wakati huohuo ikaingia katika kuku wa mayai: mahuluti wengi wa mayai ya kahawia wana kuku mwekundu upande wa baba.

Kuanzia hapo mayai yakawa na kuku wake na nyama kuku wake. Mtoto alimla mzazi. Kuku wa kazi mbili hakuwa na nafasi tena katika hesabu za kiwanda, na alibaki mikononi mwa wanaofuga nyumbani. Mwaka 2009 shirika la Marekani la kuhifadhi mifugo adimu lilitoa maelezo ya kuku anayestahili kuitwa wa urithi: mbegu yake iwe imetambuliwa kabla ya katikati ya karne ya 20, apandane mwenyewe, aweze kuishi na kuzaa nje kwa miaka kadhaa, na akue taratibu, asifikie uzito wa sokoni kabla ya wiki 16. Ukiyasoma masharti hayo ukiwa Tanzania au Kenya, unaweza kudhani yameandikwa na bibi yako.

Mali tuliyokuwa nayo

Jogoo mwekundu alipofika kwetu alikuja kama dawa. Wazo lilikuwa jepesi: wape wanakijiji majogoo wa kigeni, waondoe wa kwao, kuku watakuwa wakubwa. Kizazi cha kwanza kilifurahisha. Chotara alikuwa mzito na mtagaji kuliko mama yake. Tatizo lilianzia kwa wajukuu, kwa sababu hakuna aliyechagua. Chotara wengi walipungukiwa na ari ya kuatamia, kideri kikapita na kubeba waliosalia, na mradi ulipokwisha damu nyekundu ikayeyuka kama chumvi majini.

Huku nyuma tulikuwa na kuchi. Mrefu, mzito, mwenye shingo iliyosimama na macho ya ukali. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha ana undugu na kuku wa kupigana wa Asia. Na yule jogoo wa Kimalaya wa Tripp naye ni wa jamii ya kuku wa kupigana wa Asia. Maana yake ni kwamba mali aliyoanza nayo mkulima wa Adamsville mwaka 1854 haikuwa mbali na mali iliyokuwa ikizurura uani kwetu. Tofauti ni kilichofanyika baadaye.

Namna ya kuchagua

Anayetaka kuitunza mbegu nyumbani, iwe nyekundu au kuchi, hahitaji maabara. Mshike tetea, mpakate, pima kwa vidole vile vifupa viwili vilivyo karibu na tundu la kutagia. Kwa anayetaga, vidole viwili hadi vitatu hupita katikati yake. Kwa asiyetaga, kimoja huingia kwa taabu. Pima tena kutoka hapo hadi ncha ya mfupa wa kidari: mtagaji ana nafasi ya vidole vitatu au vinne, na ngozi yake ni laini. Mtazame miguu. Mwenye miguu ya njano hupauka kadiri anavyotaga, kwa kuwa unjano huhamia kwenye viini vya mayai. Tetea wa miguu inayong'aa njano katikati ya msimu anapendeza, ila huenda anakula bure.

Jogoo mchague kwa mama yake. Utagaji hurithiwa pande zote mbili, hivyo mtoto wa mtagaji mbovu atawaharibu vifaranga wote wa msimu, hata awe na kifua cha namna gani. Ligawe kundi katika koo tatu. Matetea wabaki katika ukoo wa mama zao, na kila mwaka majogoo wahamie ukoo unaofuata, ili kaka asimpande dada. Jogoo mmoja anawatosha matetea wanane hadi kumi. Mayai ya kutotolesha yasikae zaidi ya siku saba. Na kabla ya yote hayo, chanjo ya kideri kila miezi mitatu. Bila hiyo unawachagulia ugonjwa.

Kazi yote hiyo huharibiwa na kosa moja tulilolizoea. Mgeni akija, au sikukuu ikifika, anayekamatwa ni jogoo mkubwa kuliko wote, na anayebaki kuwapanda matetea ni yule mnyonge aliyeponea chupuchupu. Tunafanya hivyo mwaka hadi mwaka, halafu tunalalamika kuwa kuku wa kienyeji wamekuwa wadogo. Sikukuu ijayo, mchinje wa pili kwa ukubwa. Mgeni atashiba vilevile, na banda litakuwa na baba.