Wamarekani weusi na chama cha Democratic

Uaminifu wa Wamarekani weusi kwa chama cha Democratic ulijengeka katika karne ya 20. Awali walikuwa wafuasi wa Republican, chama cha Abraham Lincoln aliyetangaza uhuru wa watumwa. Democratic kilikuwa chama cha wazungu wa Kusini waliowanyima weusi haki ya kupiga kura. Mwaka 1936 wengi wa Wamarekani weusi walimpigia kura Franklin Roosevelt wa Democratic kwa sababu ya ajira na misaada ya serikali wakati wa mdororo wa uchumi, ingawa misaada hiyo nayo ilikuwa na ubaguzi. Mwaka 1964 Rais Lyndon Johnson, naye wa Democratic, alitia saini Sheria ya Haki za Kiraia, ambayo mpinzani wake wa Republican katika uchaguzi wa mwaka huo, Barry Goldwater, aliipinga katika Seneti. Tangu hapo hakuna mgombea urais wa Republican aliyepata hata robo ya kura za Wamarekani weusi.

Si kwamba wote wana fikra moja. Wahafidhina wamo, tena si haba. Wanasayansi wa siasa Ismail White na Chryl Laird wanataja shinikizo la kijamii kuwa sababu ya mshikamano huo: anayekihama chama hulazimika kujieleza kwa ndugu, majirani na waumini wenzake. Hoja hii ina uzito zaidi kuliko dai kwamba wanafuata mkumbo tu. Nguvu ya mshikamano huo ilionekana mwaka 2020, pale kura zao katika mchujo wa Democratic wa kuteua mgombea urais, jimboni South Carolina, zilimfufua Joe Biden kisiasa.