Jaji Mwalusanya na Shamba la Muleba

Agosti 1988, mama mmoja mzee wa Muleba, mkoani Kagera, aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake kwa wosia halali. Nguvu zilikuwa zimemwishia na hakuwa na wa kumtunza. Mnunuzi, mtu wa nje ya ukoo, alimlipa shilingi 300,000. Kesho yake tu, kijana wa ukoo anayemwita shangazi akafungua kesi Mahakama ya Mwanzo: kwa mila za Wahaya, mwanamke hauzi ardhi ya ukoo.

Sheria ilikuwa upande wa kijana. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini si kuiuza. Majaji waliotangulia walikwishaona ubaguzi huo, wakasema kuuondoa si kazi ya mahakama. Mahakama ya Mwanzo ikabatilisha mauzo, ya Wilaya ikayarudisha, na rufaa ikapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, mezani kwa Jaji James Mwalusanya.

Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984, lakini serikali ilijipa miaka mitatu ya kurekebisha sheria zake kabla raia hajaweza kuzidai mahakamani. Muda huo uliisha Machi 1988, miezi mitano kabla ya mauzo yale. Tena sheria ya mpito iliyoambatana na mabadiliko hayo iliagiza mahakama zizisome sheria za zamani kwa marekebisho yatakayozipatanisha na Katiba. Mwalusanya alilishika agizo hilo kwa mikono miwili. Februari 1990 aliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yale yale ya mwanamume. Ukoo nao hakuutupa: aliyetaka kulikomboa shamba alipewa miezi sita kurudisha zile 300,000. Naipenda sana sehemu hiyo ya hukumu, kwa sababu inaonyesha jaji aliyeifahamu mila na kuiheshimu, akakataa tu imkandamize mtu.

Miaka tisa baadaye Bunge lilipotunga Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za 1999, liliandika waziwazi kwamba mwanamke ana haki sawa ya kupata, kumiliki na kuitumia ardhi.

Si kila alichoamua Mwalusanya kilisimama. Mwaka 1994, katika kesi ya Mbushuu, alitamka kwamba adhabu ya kifo inakiuka Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inamdhalilisha mtu, lakini ikasema Katiba yenyewe inairuhusu kwa maslahi ya umma. Hata hivyo, Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilipoifuta adhabu ya kifo nchini mwake, kesi ya Mbushuu ilikuwa miongoni mwa zilizochambuliwa humo.

Nyumbani, kanuni za 1963 zilirudi mahakamani mikononi mwa wajane wawili. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba zinawabagua wanawake, kisha ikakataa kuzifuta, kwa hofu ya kufungua mlango wa kesi nyingi. Mwalusanya alikuwa na Katiba ile ile mezani.