Kasri la Carmona na alama niliyomnyima mwanafunzi

Muhula uliopita nilimkosoa mwanafunzi wangu mmoja aliyetafsiri neno la Kiingereza castle kuwa 'kasri'. Nililikata kwa wino mwekundu, nikaandika 'ngome'. Kijana hakubisha darasani, ila alinifuata baadaye akauliza, "Mwalimu, je, na kama mfalme anaishi humo ndani?" Nikamjibu harakaharaka kwamba mfalme huishi kasrini na askari ngomeni. Basi, yakaishia hapo.

Swali lake limenirudia nikisoma historia ya jumba la kifalme la Carmona, mji ulio yapata kilomita 30 mashariki mwa Seville, Uhispania. Siku hizi jumba hilo ni hoteli ya kifahari, na jina lake ni Alcázar. Jina hilo si geni kwetu. Ni al-qasr ya Kiarabu, ndiyo 'kasri' yetu, ila Wahispania waliimeza pamoja na ile al ya mwanzo. Vivyo hivyo, azúcar yao ni sukari yetu, na alcalde, yaani meya, ni kadhi.

Waislamu kutoka Afrika Kaskazini waliutwaa mji huo mwaka 713. Mfalme Fernando wa Tatu akauteka mwaka 1247. Watawala wakabadilika, jina la jengo likabaki. Karne iliyofuata, Mfalme Pedro wa Kwanza, aliyebandikwa lakabu ya 'Mkatili', alilifanya mojawapo ya makao yake na kulipamba kwa mtindo wa mafundi wa Kiislamu. Mwaka 1369 aliuawa na Enrique, nduguye wa baba mmoja. Wafuasi wa Pedro walijifungia Carmona pamoja na baadhi ya watoto wake, wakazingirwa hadi waliposalimu amri mwaka 1371. Palipokuwa makao ya mfalme pakawa kimbilio la vita.

Mwaka 1504 tetemeko la ardhi lililiharibu vibaya, na hatimaye likabaki magofu. Mwaka 1976 serikali ilifungua hoteli ndani ya kuta hizo, mojawapo ya hoteli za umma ziitwazo parador, kutokana na kitenzi parar, 'kusimama'. Ya kwanza ilifunguliwa na Mfalme Alfonso wa Kumi na Tatu mwaka 1928 katika milima ya Gredos. Mgeni asidanganyike, kwani chumba anacholala ni kazi ya karne ya 20, wala si ya Pedro. Hata hivyo, magofu yasiyo na mwenyewe huishia kuwa machimbo ya mawe. Heri yapate mpangaji.

Sasa turudi kwa kijana wangu. Wanaisimu wengi wanaona kwamba qasr yenyewe ilitoka kwa neno la Kilatini castrum, yaani kambi ya jeshi. Castle nayo imetoka huko huko. Kumbe kasri na castle ni watu wa ukoo mmoja! Hata 'hoteli' imepitia Kifaransa ikitoka Kilatini, na ni ndugu wa 'hospitali'. Asili ya yote mawili ni mahali pa kupokea wageni.

Kwa hivyo, mpenzi msomaji, ngome na kasri si maneno ya kutenganishwa kwa wino mwekundu bila kuuliza ni nani aliyeishi ndani, na lini. Shule zikifunguliwa nitamwita yule kijana nimrudishie alama yake. Swali lake lilikuwa bora kuliko jibu langu.