Matunda ya Uani Yaliyozaa Benki ya Chakula

Mjini Phoenix, Arizona, nyumba nyingi zina michungwa na mibalungi uani. Msimu ukifika, miti hiyo huzaa kuliko familia inavyoweza kula, na matunda mengi huanguka yakaozea chini. Katika miaka ya 1960, John van Hengel, mfanyabiashara mstaafu aliyekuwa akijitolea katika jiko la kulisha maskini, aliona upotevu huo akaanza kuomba ruhusa ya kuchuma. Matunda aliyasomba kwa lori kuukuu la maziwa. Jiko lilipojaa, ziada aliipeleka kwa vituo vingine.

Wazo la pili alilipata kwa mama mmoja aliyekuwa akiwalisha wanawe vyakula vilivyotupwa na duka kubwa. Kwa nini, mama yule aliuliza, pasiwe na mahali ambapo mwenye ziada anaweka na mwenye shida anachukua? Mwaka 1967 parokia ya Mtakatifu Maria ilimpa van Hengel dola 3,000 na jengo la kuokea mikate lililokuwa limeachwa, na hapo ikazaliwa benki ya chakula inayohesabiwa kuwa ya kwanza duniani. Katika mwaka wake wa kwanza iligawa zaidi ya tani 100 za chakula.

Miji mingine iliiga, na kufikia mwaka 1979 ulikuwepo mtandao wa taifa, ule unaoitwa leo Feeding America. Lakini kadiri ulivyokua ndivyo ulivyoegemea viwanda na maduka makubwa. Kopo la maharage hukaa rafuni miezi na miezi bila kuharibika. Mchicha hunyauka kabla ya jioni, na vituo vingi vidogo vya kugawia chakula havikuwa na majokofu. Basi wananchi wakazoezwa kuchangia makopo. Bustani ya nyumbani, iliyoanzisha yote, ikasahaulika, na waliopata hasara ni maskini, waliopewa vya kushibisha wakakosa mboga mbichi.

Usahaulifu huo unashangaza, kwa sababu Wamarekani walikwisha kuona nguvu ya bustani ndogo. Wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1890, Meya Hazen Pingree wa Detroit aliwagawia maskini viwanja vilivyokaa bure walime viazi. Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, bustani za nyumbani zipatazo milioni 20 zilikadiriwa kutoa karibu asilimia 40 ya mboga mbichi za nchi nzima.

Aliyewarudisha wakulima wa uani kwenye kazi hii aliandika kutoka Alaska, ambako jua la kiangazi huchelewa kutua na kabichi hunenepa ajabu. Jeff Lowenfels alikuwa na safu ya bustani katika gazeti la Anchorage. Mwaka 1995 aliwaomba wasomaji wake kila mmoja apande mstari mmoja wa ziada, na mavuno yake yaende Bean's Cafe, nyumba inayowapikia wenye njaa mjini humo. Chama cha waandishi wa bustani kikalibeba ombi hilo kuwa kampeni ya taifa, na kwa miaka iliyofuata mamilioni ya ratili za mboga yakatoka bustanini kwenda kwa wahitaji.

Palikuwa na hofu pia: je, mtu akiugua kwa nyanya nilizompa? Oktoba 1996 Rais Bill Clinton alitia saini sheria yenye jina la mbunge Bill Emerson, inayomkinga na madai anayetoa chakula kwa nia njema, ilimradi hakufanya uzembe mkubwa. Kikabaki kikwazo cha kujua pa kupeleka. Mwaka 2009 Gary Oppenheimer wa New Jersey alianzisha AmpleHarvest.org, orodha ya vituo vinavyopokea mazao mabichi, pamoja na siku na saa za kuyapokea.

Saa hizo zina uzito kuliko wingi wa mboga. Msomaji mwenye bustani karibu na kituo cha namna hii aulize kwanza siku ya ugawaji, achume alfajiri ya siku hiyo, apeleke mboga nzima ambazo hazijaoza, za aina ambayo angeipika kwake. Zikifika baada ya watu kuondoka na jokofu halipo, zitatupwa.