Ndugu Wawili wa Figeac: Mahali pa Kuzaliwa na Historia ya Taaluma ya Lugha

Figeac ni mji mdogo wa kusini-magharibi mwa Ufaransa. Hapo ndipo alipozaliwa, tarehe 23 Desemba 1790, Jean-François Champollion, mtaalamu aliyefumbua hieroglifu za Misri. Nyumba alimozaliwa sasa ni sehemu ya makumbusho ya maandishi ya dunia. Makala haya yanatoa hoja kwamba kumbukumbu hiyo, ingawa ni stahiki, inasimulia nusu tu ya historia.

Kaka yake, Jacques-Joseph, alizaliwa mjini humo humo mwaka 1778. Ndiye aliyempokea mdogo wake Grenoble mwaka 1801 na kumsimamia katika masomo. Baadaye Jean-François alibobea katika Kikopti, lugha iliyokuwa imesalia hasa katika ibada za kanisa. Bila lugha hiyo, ugunduzi wake wa mwaka 1822 usingefika mbali. Alipofariki Paris tarehe 4 Machi 1832, akiwa na umri wa miaka 41, sarufi yake ilikuwa bado mswada. Kaka yake ndiye aliyesimamia uchapishaji wake kuanzia mwaka 1836, kisha kamusi.

Jacques-Joseph alijulikana kwa jina la Champollion-Figeac. Hivyo, aliyebeba jina la mji siye aliyebeba sifa zake. Kwa watunga sera, funzo ni mawili: anayelea kipaji na kuhifadhi miswada anastahili nafasi katika historia ya taaluma, na lugha iliyobaki kwa wachache haijaisha kazi.