Kiraka Chapita, Kutu Yabaki

Mombasa nilikulia na kutu ya upepo wa bahari. London nimekuta kutu inayoletwa na lori. Winsford, kule Cheshire, kuna mgodi wa chumvi uliofunguliwa mwaka 1844, na baridi ikikaza malori huimwaga chumvi ya aina hiyo barabarani ili barafu isigande. Magurudumu huirusha chini ya gari pamoja na matope, ikajipenyeza kwenye kila tundu. Ikifika Machi, magari yanaanza kuniletea habari zake.

Mimi ni fundi wa bodi. Karakana yangu iko Bermondsey, chini ya tao mojawapo la reli ya London na Greenwich, iliyofunguliwa mwaka 1836 juu ya matao 878 ya matofali. Watu hudhani kazi yetu imezaliwa na kutu. Imezaliwa na sheria.

Mwaka 1960 Waziri wa Usafiri, Ernest Marples, alianzisha ukaguzi wa MOT. Gari lenye miaka 10 na zaidi lilitazamwa breki, taa na usukani, basi. Kufikia 1967 hata gari la miaka 3 lilitakiwa kukaguliwa. Bodi na chasisi zikasubiri hadi 1977, na kwa maoni yangu huko kulikuwa kuchelewa kweli, kwa sababu magari yalishabadilika. Ford Consul ya kiwanda cha Dagenham, iliyoonyeshwa Earls Court mwaka 1950, haikuwa na chasisi ya peke yake. Bati la bodi ndilo lililobeba kila kitu. Bati likioza, gari halina mgongo.

Tangu hapo mkaguzi huangalia sentimita 30 kuzunguka mahali panaposhika suspensheni, usukani, breki au mkanda wa kiti. Pameoza? Gari limeanguka. Kujaza tundu kwa bodi fila hakukubaliki hapo. Panatakiwa bati jipya lililochomelewa pande zote. Wachomeleaji wakaota kama uyoga. Wazee wa kazi walichomelea kwa gesi, na bati jembamba likipata joto lile hujikunja vibaya. Kisha mashine za kuchomelea za MIG zikashuka bei na kuenea kwenye karakana ndogo, na kiraka kikawa kazi ya kumaliza kabla ya chakula cha mchana.

Sasa tazama kiraka hicho kwa karibu, kwenye boriti ya chini ya mlango, yenye uvungu ndani. Nje utaona mshono mzuri na utepe wa buluu pembeni yake. Buluu hiyo ni alama ya joto, na joto halikuishia nje. Upande wa ndani, usioonekana, rangi ya kiwandani imeungua pamoja na nta na zinki, chuma kimebaki uchi. Fundi akipaka rangi nyeusi nje akakabidhi funguo, ile kutu itaanzia ndani, kandokando ya mshono wake.

Dawa yake si siri. Bati likipoa, piga brashi ya waya, futa mafuta, paka praima ya zinki, ziba maungio. Kisha ingiza mrija mrefu kwenye tundu la kutolea maji, pulizia nta iliyopashwa moto hadi idondoke sakafuni kupitia matundu mengine. Usiyazibe matundu hayo. Lami nene ya chini, ambayo wengi huiamini, ikikauka hupasuka na kufungia maji ndani.

Na mji huu ulijua habari za zinki zamani. Mwaka 1824 mwanakemia Humphry Davy aliieleza jumuiya ya wanasayansi, Royal Society, kwamba kipande cha zinki au chuma kikifungwa kwenye shaba inayofunika meli, kitaliwa chenyewe na shaba itasalimika. Ilisalimika kweli, ila haikutoa tena ile sumu inayofukuza viumbe vya bahari, navyo vikaganda juu yake hadi Jeshi la Majini likaachana na jambo hilo. Leo mashua za injini huko kwetu hufungwa zinki karibu na rafadha.

Ujuzi ulikuwapo, mlipaji ndiye hakuwapo. Cheti cha MOT huuliza kama chuma kina nguvu siku ya ukaguzi. Ukimtajia mteja bei ya nta, atakuuliza kama MOT inaitaka. Haiitaki.

Tarehe 29 Agosti 2023 ada ya hewa chafu, paundi 12.50 kwa siku, ilienezwa London nzima. Magari mengi ya petroli ya kabla ya 2006, yaliyotulisha kwa viraka, yakauzwa mbali au yakaenda kwa skrepa. Yaliyosajiliwa kuwa ya kihistoria, yaliyopita miaka 40, hayalipi ada hiyo, na tangu Mei 2018 mengi yake hayalazimiki hata kwenda MOT. Basi siku hizi naletewa Mini na Cortina na watu wasiofukuzwa na cheti chochote, na kabla sijawasha mashine wananiuliza ndani nitapaka nini.