Kabla ya Reli: Wapagazi wa Tabora na Soko la Kazi la Mbali

Machi 1872, Henry Morton Stanley alimwacha David Livingstone huko Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akashika njia ya pwani. Livingstone alibaki na vitambaa, shanga na bunduki za kumtosha safari nyingine. Alichokosa ni watu wa kubeba. Vita vya Mirambo wa Urambo na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe vilikuwa vimevuruga njia pamoja na soko la wapagazi, ikambidi mzee asubiri hadi Agosti, Stanley alipompelekea watu kutoka Unguja. Msafiri aliyekuwa akizungumzwa London na New York alikwama miezi mitano ndani ya tembe, kwa sababu kazi ile haikuwa na mbadala. Punda na ng'ombe walikufa kwa mbung'o, na mikokoteni haikuwa na barabara. Pembe ya ndovu iliyotoka bara kwenda Unguja ilifika pwani ikiwa begani mwa mtu.

Mtu huyo mara nyingi alikuwa Mnyamwezi, na mara nyingi alikuwa mtu huru aliyelipwa. Hapa pana mkanganyiko wa zamani. Njia hiyohiyo ilipitisha mateka waliofungwa minyororo, na Bagamoyo, mwisho wake pwani, ni kituo cha kumbukumbu ya machungu hayo. Lakini mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa njia ya kati, ameonyesha kwamba nguzo ya misafara ilikuwa wafanyakazi wa ujira: watu wenye ujuzi, wenye kanuni zao za kazi, na wenye uwezo wa kumgomea tajiri. Leo vijana wanaposhawishiwa kwenda kufanya kazi nje, historia ya watu hao ina la kusema.

Walitangulia wao

Ni rahisi kudhani kwamba Waarabu na Waswahili ndio waliofungua njia ya bara. Ukweli ni kwamba wenyeji wa Unyamwezi walikuwa wakisafiri zamani. Walifuata chumvi Uvinza, majembe ya chuma kwa wahunzi wa upande wa Usumbwa na Uzinza, na shaba hadi Katanga. Kufikia mwanzo wa karne ya 19 misafara ya Wanyamwezi ilikuwa inateremka yenyewe hadi pwani na pembe za ndovu, na wafanyabiashara wa pwani walipopanda bara walifuata njia zilizokwisha kukanyagwa. Miaka ya 1850 Waarabu walikuwa wamejenga makazi Unyanyembe, mahali palipojulikana kama Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Richard Burton na John Hanning Speke waliingia hapo tarehe 7 Novemba 1857, wakiwa wametumia zaidi ya miezi minne tangu watoke pwani.

Mahali penyewe palikuwa njia panda. Kutoka Tabora, njia moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda, na nyingine kusini magharibi kuelekea Katanga. Ya mashariki ilipita Tura, pori la Mgunda Mkali, Ugogo, Mpwapwa na milima ya Usagara mpaka Bagamoyo, mwendo wa kilomita zaidi ya 800. Kwa msafara uliobeba ni kazi ya miezi mitatu hivi, mambo yakienda sawa.

Burton aliandika kwamba kwa Wanyamwezi kubeba mzigo hadi pwani kulikuwa kipimo cha uanaume, na watoto walianza kuzoeshwa kwa vipembe vidogo vya ndovu. Kijana aliyerudi na nguo, waya na habari za bahari alikuwa ameiva kuoa na kujitegemea.

Ujuzi ulikuwa wapi?

Asiyejua kazi husema kubeba hakuhitaji ujuzi. Tazama mzigo wa nguo ulivyofungwa. Vitambaa vilikunjwa vikabanwa kama mto mrefu wa kulalia, vikavikwa makanda na kukazwa kwa kamba, kisha vikafungwa juu ya miti mitatu au minne iliyochongwa, yenye panda upande wa chini. Panda zile zilikuwa na maana yake. Mpagazi akitaka kupumzika aliusimamisha mzigo wake kwenye shina la mti, usiguse ardhi yenye unyevu wala mchwa. Akitaka kuondoka, aliingiza bega tu akainuka, bila kuinama hadi chini. Shanga zilitiwa kwenye mifuko mirefu myembamba. Waya wa masango ulizungushwa na kutundikwa kwenye ncha mbili za mti, na mzigo uliozidi nguvu za mmoja ulikwenda mzegamzega, watu wawili mti mmoja. Pembe kubwa za ndovu zilipewa mashababi, na wengine walifunga kengele ya ng'ombe kwenye ncha ili isikike kwamba mwenye kazi anapita.

Uzito wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Juu ya hapo mpagazi alibeba vitu vyake: mkeka, chungu, chakula, silaha, na mara nyingi bidhaa zake mwenyewe za kuuza pwani. Hapo ndipo Mnyamwezi alipomzidi kibarua wa kawaida, kwa kuwa alikuwa mfanyakazi na mfanyabiashara ndani ya safari moja.

Mbele alitangulia kirangozi. Alijulikana kwa joho jekundu, ngozi ya mbega na manyoya kichwani. Yeye ndiye aliyejua maji yako wapi, ni kijiji gani kina njaa, na mtemi gani wa Ugogo ametaka hongo (ushuru wa kupita) kubwa mno msimu uliopita. Hakuna aliyeruhusiwa kumpita njiani. Kwa kawaida alitoka miongoni mwa wapagazi wenyewe, kwa hiyo lawama na heshima alizipata kwao kwanza, kwa tajiri baadaye.

Masharti ya kazi

Wapagazi wa Kinyamwezi kwa kawaida walipatana malipo ya safari nzima, tofauti na waungwana wa Unguja na pwani waliolipwa kwa mwezi. Tofauti hiyo ndogo ilibadili mwendo. Anayelipwa kwa mwezi hana haraka. Anayelipwa kwa safari humhimiza tajiri aondoke alfajiri, maana kila siku ya kulala kambini ni hasara yake. Malipo yalikuwa merikani, kaniki, shanga na masango, na juu yake ilikuwapo posho ya chakula, ambayo ilikuwa haki. Posho ikipunguzwa, au mzigo ukiongezwa kinyemela, mizigo iliwekwa chini. Vitabu vya wasafiri wa Ulaya vimejaa malalamiko juu ya "uvivu" na "utoro" wa wapagazi. Visome upya kwa jicho la mfanyakazi, na mengi kati ya malalamiko hayo yanageuka kuwa migomo.

Kalenda nayo ilikuwa yao. Waliondoka baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, wakajitahidi kurudi kabla mvua haijaanza kwa sababu shamba lilingoja. Tajiri aliyefika Tabora msimu wa kulima alikuta watu hawapatikani, au wanapatikana kwa bei ya kuumiza. Mwenye shamba lake hapigi magoti kuomba kazi.

Na walipokuwa mbali hawakuwa yatima. Wanawake wengi walisafiri pamoja na waume zao, wakipika na hata kubeba. Katika njia ile ulikua utani kati ya Wanyamwezi na makabila ya pwani kama Wazaramo: mgonjwa alipata wa kumuuguza na maiti alipata wa kumzika, kisha yakaja matusi ya mzaha na madai ya kulipwa. Ilikuwa bima ya wakati huo.

Tusiipambe kupita kiasi. Ndui iliua watu wengi njiani, njaa ya Mgunda Mkali haikuchagua, na mali ya safari ilitumika pia kununua watumwa wa kulima mashamba ya Unyamwezi wakati wenyewe wako njiani. Uhuru wa mmoja ulisimama juu ya jasho la mwingine.

Waliokwenda wakabaki

Si wote waliorudi. Ngelengwa, mtoto wa Kalasa, mfanyabiashara wa Kisumbwa aliyefuata shaba ya Katanga, alikwenda kusini magharibi na watu wake wenye bunduki na ustadi wa kuwinda ndovu. Akajulikana kwa jina la Msiri, akajenga dola ya Garanganze yenye makao Bunkeya. Biashara yake ilifika bahari ya Hindi upande mmoja na Angola upande wa pili. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara uliotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji kumnyang'anya nchi. Lakini watu wake, Wayeke, bado wako Bunkeya na mwami wao, na mjukuu wake Godefroid Munongo alikuwa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga na Kongo mwaka 1960. Msafiri wa biashara alizaa ukoo wa watawala ugenini.

Mawakala wanaingia

Misafara ya Wazungu ilipozidi, pakazuka kazi mpya: kutafuta watu kwa niaba ya wengine. Bagamoyo, aliyejulikana zaidi ni Sewa Haji, mfanyabiashara mwenye asili ya India. Aliyetaka kwenda bara aliuziwa nguo na shanga na Sewa Haji, akapatiwa pia wapagazi palepale. Alifariki mwaka 1897, na jina lake limebaki kwenye jengo la wodi katika Hospitali ya Muhimbili. Upande wa bara alikuwapo Charles Stokes, Mwairishi aliyeacha umisionari akaoa katika ukoo wa kitemi wa Unyamwezi, na kwa ujamaa huo akaweza kuongoza misafara mikubwa ya Wanyamwezi. Maofisa wa Leopold walimnyonga Kongo mwaka 1895.

Wakati huo biashara ilikuwa kileleni. Makadirio ya miaka ya 1890 hutaja wapagazi wapatao 100,000 kwa mwaka katika njia ya Bagamoyo. Wakala alikuwa na faida yake, lakini hakuwa na nguvu za kumlazimisha mtu. Mtu asiyetaka alirudi nyumbani.

Bunduki, kodi na reli

Nguvu za kulazimisha zilikuja na Wajerumani. Januari 1893 walivamia ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe. Isike alichagua kuilipua baruti kuliko kushikwa. Mwaka 1898 kodi ya kibanda ilianza kutozwa, na kuanzia hapo Mnyamwezi hakutafuta kazi kwa kuwa bei imemridhisha. Aliitafuta kwa kuwa mtoza kodi yuko mlangoni. Mashamba ya kahawa na mkonge ya Usambara na Tanga yalimtaka yeye hasa, kwa sababu alijulikana kuwa mfanyakazi asiyeogopa safari.

Reli ya Uganda ilipofika Ziwa Viktoria mwaka 1901 ilivuta bidhaa za kaskazini kwenda Mombasa. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Waliochimba tuta na kubeba mataruma walikuwamo Wanyamwezi wengi. Walijenga kwa mikono yao chombo kilichoua kazi ya baba zao.

Upagazi ulirudi mara ya mwisho katika Vita vya Kwanza vya Dunia, safari hii kwa amri. Majeshi ya pande zote yalikamata watu kubeba risasi na vyakula. Wabelgiji waliiteka Tabora Septemba 1916. Njaa na maradhi viliua wapagazi wengi kuliko risasi zilivyoua askari.

Chini ya Waingereza, Tabora ikawa moja ya mikoa ya kuchotea vibarua wa mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya pamoja ya kuajiri, SILABU, iliyowasafirisha manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka mikoa ya mbali hadi Tanga. Linganisha sasa. Kirangozi alitoka kwa wapagazi, mnyapara aliwekwa na mwenye shamba. Mpagazi alipatana bei ya safari, manamba alikuta ujira umekwisha kupangwa na kipande chake kinahesabiwa siku kwa siku. Alikuwa mtu wa kabila lilelile, wa kizazi cha mjukuu. Kilichobadilika ni nani anayeandika masharti.

Soko la leo

Sasa milango imefunguka upande mwingine. Kenya ilitia saini na Uingereza makubaliano ya kupeleka wauguzi mwaka 2021, na Septemba 2024 ikasaini na Ujerumani makubaliano ya wafanyakazi wenye ujuzi. Watanzania wengi nao wanaitazama Ghuba. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, baada ya kuwahoji wafanyakazi 50. Waliohojiwa walisimulia kunyang'anywa hati za kusafiria, kufanya kazi hadi usiku wa manane, na mishahara isiyolipwa. Mfumo wa kafala ulimfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja, kwa hiyo hakuweza kufanya alichofanya mpagazi posho ilipokatwa, yaani kuweka mzigo chini.

Kwenda mbali kutafuta riziki ni desturi ya miaka zaidi ya 200 katika nchi hii, na anayewakataza vijana kwa kusema kwamba ni jambo geni hajui historia. Ila Wanyamwezi wa karne ya 19 hawakwenda mikono mitupu. Walikuwa na ujuzi uliohitajika, shamba la kurudia, watu wa kuwapokea njiani, na bei iliyotajwa kabla ya kuinua mzigo. Kimoja kikikosekana, safari hiyohiyo huwa utumwa wa kujitakia.

Kwa hiyo, kijana wa Tabora, Nzega au Urambo unayeahidiwa kazi Muscat, Doha au Berlin, uliza kama babu yako alivyouliza. Kazi ni ipi na uzito wake ni kiasi gani? Posho na malazi ni juu ya nani? Ujira ni kiasi gani na unalipwa lini? Ni nani atasimama upande wako mambo yakiharibika, na nauli ya kurudi anaishika nani? Kwenye ofisi ya serikali inayosimamia huduma za ajira, uliza kama huyo anayekupeleka ana kibali. Majibu yasipokuwa kwenye maandishi, usitie saini.